Rufaa ya Mashavu

Kupoteza mashavu si kama kupoteza simu. Hakuna saa utakayoweza kuwatajia polisi. Ya Hedwiga yalianza kuondoka mwaka aliougua tezi ya shingo, yakaondoka kidogo kidogo kama wapangaji wanaohama bila kuaga, na alipopona daktari wa hospitali alimwambia asijali, uzito utarudi. Hakusema uongo. Uzito ulirudi wote, pengine na jamaa zake wawili watatu. Ila ulishukia kiunoni na mapajani, ukapapenda, ukakataa katakata kupanda juu. Usoni palibaki vilevile: mifupa miwili chini ya macho, na chini ya mifupa mabonde mawili ambamo maji ya mvua yangetuama.

Hedwiga anauza tangawizi pale Same mjini, nyuma ya stendi. Tangawizi inashuka kwa magunia kutoka kwao, milima ya Mamba Miamba. Yeye anaianika, anaichambua, anawauzia wenye malori. Ni kazi inayotaka jicho na ulimi, na vyote viwili anavyo vya kutosha na vya kuazimisha. Mumewe alifariki zamani. Watoto wako Dodoma na Mwanza, na humkumbuka vizuri sana wakati wa sikukuu.

Kuhusu uso wake, mji ulikuwa na maoni. Same ni mji wa upepo, na upepo hauchagui cha kubeba. Wako waliomuuliza kama anameza dawa zake vizuri, bila kusema dawa gani. Wako waliomwombea kanisani kwa sauti, wakimtaja jina ili Mungu asije akakosea mtu. Mteja mmoja alimwambia abaki na chenji, jambo ambalo wazee wa Upare wanasema halijapata kutokea. Yote hayo Hedwiga aliyachukua. Mtu aliyefanya biashara stendi hafi kwa kutazamwa.

Kilichomshinda ni mama yake.

Mama yake, Bibi Namkunda, anaishi kulekule juu na mwanawe Lukasi na mke wa Lukasi, Devotha. Amezaliwa mwaka wa nzige, ambamo kila mzee wa huko amezaliwa. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kutoka, na zilitoka kwa adabu, zilizoingia mwisho zikitangulia: kwanza majina ya vitukuu, kisha rais aliyepo, kisha aliyemtangulia, kisha kwamba mumewe amekufa. Kilichobaki kilikuwa cha zamani, nacho kilikuwa kimekaza kama mzizi wa mti kwenye mwamba: Chasu, lugha yake ya Kipare, nyimbo za kanisa, na kesi.

Siku Hedwiga alipopanda mlimani mara ya kwanza tangu kuugua, alimkuta mama yake amekaa kibarazani anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

Bibi Namkunda aliinua uso. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, bila chuki, kama mtu anayemtazama mdaiwa aliyejileta mwenyewe.

"Asteria," akasema. "Umekuja tena."

"Mama, ni mimi. Hedwiga."

"Hedwiga ana mashavu." Akageukia maharage yake. "Wewe ni Asteria. Na mahakama bado haijasema."

Asteria alikuwa shangazi yake Hedwiga, dada wa baba yake, mwanamke mrefu mwenye uso wa mifupa na mabonde. Alikuwa amekufa miaka mingi.

Hapa msomaji wa mbali anahitaji kuambiwa habari ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo mababu walilichimba mteremkoni: usiku linakusanya maji ya kijito, alfajiri linafunguliwa, na maji yanashuka kwa mifereji mpaka shambani kwa mwenye zamu. Zamu ya alfajiri ndiyo zamu, bwawa likiwa limejaa pomoni. Zamu ya mwisho ni kulamba sufuria. Sasa kiangazi kimoja, Hedwiga akiwa bado anabebwa mgongoni, Asteria aliamka mapema akayaelekeza maji ya alfajiri kwenye shamba lake. Alipoulizwa alisema zamu ile ilikuwa ya marehemu baba yake, kwa hiyo ni ya damu, na Namkunda si damu, ni mke tu, wa kuja.

Watani wa Wapare husema Mpare atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Wapare hukanusha, na wakikanusha huleta mashahidi. Kesi ya Namkunda na Asteria ilianzia kwa wazee wa ndiva, ikaenda kwa mwenyekiti, ikaenda baraza la kata, ikashuka Same mahakama ya mwanzo, ikapanda ya wilaya. Hedwiga alisoma, akapata kipaimara, akaolewa, kesi ikiwa njiani. Kisha, katikati ya rufaa, Asteria akafa. Msibani Namkunda ndiye aliyelia kuliko wote, na watu wakasema kumbe walipendana. Hakuna aliyeelewa kwamba mwanamke yule hakuwa ameshinda wala kushindwa. Alikuwa ameachwa amesimama kizimbani peke yake.

Na sasa, baada ya miaka yote hiyo, mwenzake alikuwa amerudi, mlangoni, na magunia ya udhuru.

Siku ile Bibi Namkunda alikataa makande kutoka mkononi mwa Hedwiga. "Asteria ataniwekea kitu," alimwambia Devotha, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbusha chumvi. Alikula Devotha alipopakua upya kutoka sufuria ileile.

Ukutani ndani ya nyumba kulikuwa na picha ya harusi ya Hedwiga: shela, maua ya plastiki, na mashavu mawili ya kushiba yaliyokuwa yamejaa fremu. Bibi Namkunda aliinyooshea kidole. "Hedwiga yule pale."

Hedwiga hakuwa mtu wa kushindwa kwa kauli moja. Safari iliyofuata alileta kitambulisho cha taifa. Mama yake alikitazama akasema hata Asteria alikuwa na karatasi nyingi, ndiyo ilikuwa tabia yake. Safari nyingine alimsimamisha Lukasi kama shahidi. Lukasi, ambaye ni mtu wa maneno machache na hayo machache huyasahau, alisema, "Mama, huyu ni dada," na mama yake akamuuliza Asteria amempa nini. Hedwiga akaonyesha kovu la gotini, alilolipata akiwa mtoto kwa kuanguka kwenye jiwe la mfereji.

"Wote wa nyumba ile wana makovu," akasema Bibi Namkunda. "Walikuwa wanarushiana vitu."

Basi Hedwiga akawa anashuka mlimani kila mara akiwa amekataliwa, na akifika Same anakaa mbele ya kioo kidogo cha dukani, ananyonya hewa na kuvimbisha mashavu, anaishikilia pumzi, anajitazama. Kwa kadiri pumzi ilivyoshika, alikuwa mtoto wa mtu. Kisha anaachia.

"Unapuliza puto gani?" aliuliza Shamsa siku moja. Shamsa ni jirani yake wa duka, Mwislamu wa Makanya, anauza vitenge na madera, na hakuna jambo la mji ambalo simu yake haijaliona kwanza.

Hedwiga akamweleza. Shamsa alisikiliza bila kucheka, na kwa Shamsa hiyo ni heshima kubwa kuliko machozi.

"Siku hizi wanahamisha," akasema mwishowe.

"Wanahamisha nini?"

"Mafuta, mwaya. Wanayatoa pale ulipojaliwa, wanayapeleka pale ulipodhulumiwa." Akamwangalia Hedwiga kiunoni bila aibu. "Na wewe akiba unayo. Ukiamua kugawa utalisha nyuso za Same nzima, na jirani zetu wa Mwanga watabakiziwa."

"Acha mzaha, Shamsa."

"Mzaha gani? Wako Dar. Si plastiki, si dawa, ni mafuta yako mwenyewe. Wanakudunga."

Mtu mwingine angeshtuka. Hedwiga hakushtuka, aliona jambo lenyewe kuwa na akili. Alikuwa amekulia kwenye mteremko ambako maji yako sehemu moja na kiu sehemu nyingine, na kazi ya binadamu ni kuchimba mfereji kati ya hizo mbili. Yeye utajiri wote ulikuwa umetuama bondeni, na mlimani panakauka. Kwa nini usipandishwe? Msimu ule tangawizi ilikuwa imeuzwa vizuri. Watoto aliwaambia anakwenda Dar kutibiwa jino.

Kliniki ilikuwa ghorofani, na baridi ya humo ilikuwa ya makusudi. Daktari aliitwa Muhidin, kijana mpole mwenye mikono safi kuliko mikono yoyote ambayo Hedwiga amewahi kuishika. Alimwambia wagonjwa wengi huja na picha ya mtu wanayetaka kufanana naye, mwimbaji au mcheza sinema. Je, yeye amekuja na picha?

Hedwiga akatoa ile ya harusi, aliyoiomba kwa Lukasi.

"Huyu ni nani?"

"Mimi."

Daktari akaitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha. "Wengi wanataka wapendeze," akasema.

"Mimi nataka nitambulike."

Daktari Muhidin hakuuliza zaidi. Akamweleza kwa utaratibu: atatiwa ganzi, mafuta yatavutwa pajani kwa mrija mwembamba, yatazungushwa kwenye mashine mpaka damu na maji vijitenge, kisha yatapandwa shavuni kwa sindano butu, tone kwa tone, kila tone mahali pake, kwa sababu yakirundikwa pamoja yanakufa. Yatakayoshika yataishi humo kama nyama nyingine za mwili. Ila si yote yatakayoshika. Sehemu kubwa, pengine nusu, itanywewa na mwili katika miezi ya mwanzo.

"Mfereji mpya," akasema Hedwiga.

"Samahani?"

"Mfereji mpya hunywa nusu ya maji kabla ya shamba."

Daktari akasema ndiyo, kitu kama hicho, akaendelea. Mwanzoni atavimba kuliko inavyotakiwa. Asitishike, hiyo ni kawaida. Na akakazia yafuatayo: asilale kifudifudi wala ubavu, asiiname kufanya kazi, asikae juani, na zaidi ya yote, mashavu yasibonyezwe. Asiyabonyeze yeye wala mtu mwingine yeyote. "Mafuta ni yako mwenyewe," akamalizia, "kwa hiyo mwili hautayakataa. Mwili haukatai kilicho chake."

Hedwiga akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na mashaka kidogo na kanuni hiyo, kutokana na uzoefu.

Upasuaji wenyewe alikuwa macho. Alisikia mrija ukienda na kurudi ndani ya paja kama mtu anayezibua bomba la jirani, hauumi, unashangaza tu. Aliona mafuta yake kwenye bomba la sindano, ya manjano kama samli ya Wamasai. Halafu usoni, msukumo mdogo mdogo usiokwisha, na daktari akirudi nyuma mara kwa mara kutazama, kama fundi rangi. Akafumba macho kwenye kiti kile, akawaza jambo moja: sauti ya mama yake ikisema jina. Si sentensi. Jina tu, lile lenye silabi tatu, ambalo padri alilileta kutoka Ulaya na mama yake akalizoea mpaka likawa la Kipare.

Alirudi Same na uso uliovimba.

"Mashallah," akasema Shamsa, akimzunguka. "Andazi la hamira mbili."

"Itashuka."

"Isishuke! Iache hivyohivyo. Wale waliokuombea kanisani wameanza kutoa ushuhuda."

Na ni kweli, walikuwa wametoa. Hedwiga aliwaachia Mungu na kanisa utukufu wote, kwa kuwa haukuwa na gharama ya ziada.

Daktari alikuwa amemwambia asubiri mpaka uvimbe ushuke ndipo aujue uso wake. Hapo ndipo Hedwiga alipofanya kosa ambalo, nadhani, lisingefanywa na mtu asiyekulia kwenye ndiva. Aliwaza hivi: nusu itanywewa. Zamu nzuri ni ya alfajiri, bwawa likiwa limejaa. Anayesubiri atalamba sufuria. Kama kuna siku ya kuupeleka uso huu mbele ya mama, ni sasa, kabla haujapungua hata tone. Kesi haipelekewi kielelezo kilichopauka. Akafunga duka, akamwachia Shamsa ufunguo.

Gari lilipita Kisiwani, pembezoni mwa mbuga ya Mkomazi, na huko chini Hedwiga alikaa upande wa kivuli, akifuata sharti la jua. Alipofika Maore alichukua bodaboda ya kupanda mlimani. Ilibidi akae upande kama bibi harusi, kwa sababu mapaja, yaliyokuwa yamechangia kwa ukarimu, hayakutaka kutanuliwa. Kila jiwe la barabara ile lilimkumbusha kwamba mali haihami bure.

Devotha alimwona wa kwanza. Alikuwa anachuma majani ya maboga kando ya njia, akasimama, akajishika kiuno.

"Wifi! Umemla nani?"

"Nyamaza. Mama yuko wapi?"

"Yuko kibarazani. Hee! Wifi, hebu geuka. Umekula mtu mzima, si bure."

Hedwiga alikung'uta vumbi, akafunga kitambaa kichwani vizuri ili kisifunike shavu hata kidogo, akaenda akasimama kwenye ngazi ya kibaraza, mahali penye mwanga. "Shikamoo, mama," akasema, kisha akageuza uso kushoto, akaugeuza kulia, polepole, kama daktari alivyokuwa akimgeuza.

Bibi Namkunda aliweka ungo chini. Alitazama. Alitazama shavu moja, akatazama la pili, na taratibu uso wake mwenyewe ukaanza kufunguka, mdomo ukapanda pembeni, macho yakaingia maji. Hedwiga alihisi moyo ukimruka kama ndama.

"Asteria," akasema mama yake, akitabasamu kwa uchungu. "Umenenepa. Maji yangu yamekukubali."

Hedwiga alienda nyuma ya nyumba, jikoni, akakaa juu ya gogo. Alitaka kulia, akakumbuka kwamba hakumuuliza daktari kama kulia kunaruhusiwa. Akaketi tu, uso umemkaza, machozi yakiwa yamefika mlangoni yanasubiri kibali.

Devotha aliingia na majani yake, akayaweka kwenye ungo, akaanza kuyachambua. Mzaha ulikuwa umemtoka.

"Wifi," akasema, "nikwambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Si mashavu."

"Ni nini sasa?"

"Ni unavyoingia. Mimi ninakuona kila safari. Hukai. Unasimama pale kwenye ngazi kama mtu aliyeleta wito wa mahakama. Mara kitambulisho, mara mashahidi, mara goti, leo uso. Unadai." Akavunja kijiti cha jani, akalivua nyuzi zake. "Maishani mwa mama aliyekuwa anasimama pale kwenye ngazi anadai, ni mtu mmoja tu."

Nje, kwa mbali, walisikia watu wakiitana juu kwenye ndiva. Zamu ya nyumba fulani ilikuwa inakwisha.

"Na yeye Asteria alitaka nini?" Hedwiga akauliza. "Maji tu?"

"Sijui, mimi nimekuja amekwisha kufa. Lakini mama husema alitaka akubaliwe kuwa pale ni kwao." Devotha akamtazama. "Kama wewe."

"Leo zamu ya nani?"

"Baada ya hii, yetu. Lukasi ameshuka kwenda kutafuta mbolea, nilikuwa niende mimi."

Hedwiga akaamka kwenye gogo, polepole, kwa ajili ya mapaja. Akarudi kibarazani. Safari hii hakusimama kwenye ngazi. Aliketi chini, kwenye udongo, miguu ameinyoosha, mahali anapokaa mtu asiye na hoja. Alikaa pale kwa kitambo akitazama maharage yaliyopepetwa, na mama yake akimtazama.

"Wifi," akasema Hedwiga.

Neno lilitoka zito. Kuna maneno ambayo mtu hazaliwi ili amwambie mama yake. Lakini lilipokwisha kutoka, yaliyofuata yalikuwa mepesi.

"Wifi, zamu ya alfajiri ni yako. Nilichukua isiyo yangu."

Mikono ya Bibi Namkunda ilisimama hewani. "Rudia."

"Zamu ni yako."

"Devotha!" Sauti ilikuwa ya mwanamke wa miaka arobaini. "Devotha, njoo usikie! Haya, wewe, rudia na huyu asikie."

Hedwiga akarudia mbele ya shahidi. Devotha, mwenye akili, aliweka mkono kifuani akasema amesikia, na kama ataitwa popote atasema amesikia.

Bibi Namkunda aliinamisha kichwa, akafikiri. Mtu aliyekaa kwenye kesi miaka yote ile hatoki humo kwa mbio. "Maneno hayanyweshi maharage," akasema mwishowe.

Hiyo nayo ilikuwa desturi, na Hedwiga aliijua. Kwa watu wa ndiva, aliyekubali kosa haombi radhi kwa mdomo akaondoka. Huchukua jembe, akaenda kufungua maji kwa mkono wake mwenyewe, akayafuata njia nzima mpaka yaingie shambani kwa yule aliyemkosea. Akainuka. Devotha alimwangalia usoni, akaanza kusema kitu kuhusu uso huo, akaacha.

Basi akapanda, mfanyabiashara wa tangawizi, na jembe begani, na bandeji mapajani, na jua la mchana likimpiga palepale lilipokatazwa. Mzee wa zamu alimpisha, akimtazama uso kwa mshangao wa heshima. Hedwiga aliinama akaondoa jiwe na tope la mlango wa mfereji, na alipoinama damu ikamshukia usoni, mashavu yakapiga kama ngoma. Maji yakatoka. Akatembea nayo, akiziba hapa, akifungua pale, akitoa majani yaliyokwama, akiyasikia yakinywewa na udongo mkavu kwa sauti ya mtu mwenye kiu lakini mwenye adabu, mpaka yakafika nyuma ya nyumba, yakapita chini ya ukuta, yakaingia kwenye matuta ya maharage mbele ya kibaraza.

Bibi Namkunda alikuwa amesimama. Devotha alikuwa amemshika kiwiko. Bibi kizee alishuka ngazi, akavua kandambili moja, akaweka mguu kwenye maji, akauacha humo.

"Ya baridi," akasema. "Ya alfajiri haya."

Ilikuwa saa nane mchana. Hakuna aliyemsahihisha.

Walikaa kibarazani, wote watatu, na Devotha akaleta makande. Hedwiga akapakua, akampa mama yake bakuli kwa mikono miwili. Bibi Namkunda akalipokea. Akala. Akala mpaka akalifuta kwa kidole, kisha akapumua kama mtu aliyetua mzigo, na baada ya kutua mzigo, mtu hukumbuka mambo mengine.

"Mimi nina binti," akasema.

Hedwiga aliweka bakuli lake chini.

"Anaitwa Hedwiga. Wewe unamjua, Asteria, ulimbeba siku ya ubatizo. Wakati ule ulipochukua maji nilikuwa naye mgongoni. Tukisubiri zamu ya mwisho, jioni, alikuwa analia, basi namshusha, namlaza hapa mapajani, nambonyeza shavu. Akibonyezwa shavu alikuwa anacheka. Haji siku hizi."

"Yuko wapi?" Hedwiga aliuliza. Sauti ilikuwa ya Asteria; yake hakuipata.

"Yuko Same, anauza tangawizi. Amekuwa mtu mkubwa. Watu wanasema aliugua." Bibi Namkunda alitazama chini barabarani, kule bodaboda zinakotokea. "Kila nikisikia pikipiki nasema ni yeye. Inapita. Au unakuja wewe."

Maji yaliendelea kuingia kwenye matuta. Devotha alikuwa amegeuka upande, akipangusa macho kwa pindo la kanga.

"Anakukumbuka, wifi," akasema Hedwiga.

"Amekwambia?"

"Ameniambia."

"Ukishuka, mwambie mama yake amepata maji. Mwambie asiogope kuja, kesi imekwisha, hakuna kelele tena hapa." Kisha, kwa kuwa Asteria sasa alikuwa mtu wa kukaa naye, akasogea karibu, akamwangalia vizuri, akanyoosha mkono. "Alikuwa na mashavu, yule mtoto. Si kama haya yako ya juzi. Yalikuwa yamejaa hapa," na akaweka kidole gumba kwenye shavu la Hedwiga, chini ya mfupa, mahali palepale ambapo daktari alipanda tone kwa tone, akabonyeza. "Hapa. Unaona? Hapa."

Daktari alikuwa amesema yasibonyezwe na mtu yeyote.

"Wapi?" akasema Hedwiga, akiusogeza uso mbele zaidi. "Nionyeshe tena."